Ngazi ya Vidato Kumi na Kimoja

Iko nchi, haiko mbali, ila usijisumbue kuitafuta kwenye ramani kwa sababu wachora ramani wameombwa kwa heshima waipite. Ni nchi tulivu, yenye watu watiifu, bendera safi na mikutano mingi. Kwa miaka mingi ilikuwa na tatizo moja dogo tu, nalo ni kwamba askari wake hawakupenda kwenda mahakamani. Kukamata walipenda, tena sana. Lakini wakiitwa kutoa ushahidi, huyu mgongo unamuuma, yule amefiwa na shangazi aliyemzika mwaka juzi, na mwingine amepanda basi kwenda likizo bila kumuaga hata mkewe. Kesi zikafutwa kwa kukosa mashahidi, na wezi wakawa wanatoka mlangoni huku wakiwapungia mkono mahakimu.

Ndipo Waziri wa Haki na Mambo Yanayofanana na Haki aliposimama bungeni, akakohoa kikohozi cha kiserikali, akanena.

"Mheshimiwa Spika, askari ni binadamu. Binadamu ana miguu, na miguu ikisimama kizimbani inachoka. Miguu iliyochoka kwa ajili ya taifa haiwezi kuachwa hivi hivi. Kwa hiyo Serikali, baada ya kutafakari kwa kina, kwa upana na kwa semina tatu, imeamua kumlipa kila askari kwa muda anaoutumia mahakamani."

Wabunge walipiga meza mpaka glasi zikaruka, na sheria ikapita siku hiyohiyo kabla ya chai. Ilisema kwamba askari shahidi atalipwa kwa dakika, tangu anapokula kiapo hadi anapotamka mwenyewe maneno haya: "Sina la kuongeza." Kabla hajayatamka, hakuna mwingine mwenye ruksa ya kusema. Shahidi wa pili angoje. Mshtakiwa angoje. Hakimu naye angoje, isipokuwa kumuuliza shahidi kama anahitaji maji.

Ili dakika zisipotee, kila mahakama ilipewa saa kubwa ya ukutani, ikatundikwa juu kabisa, mahali ambapo mkono mchafu usingeweza kuifikia. Saa ilikuwa na kamba mbili, moja ya kuiwasha na moja ya kuisimamisha. Ya kuwasha ilikuwa imara. Ya kusimamisha ilikatika wiki ya kwanza na hakuna aliyeandika barua ya kuomba nyingine. Jioni mlinzi alipozima umeme wa jengo, saa ilihesabiwa kuwa imelala, wala haikuhesabiwa kuwa imesimama. Kusimama maana yake ilikuwa mkono wa binadamu umeisimamisha, na hapo ndipo ushahidi uliposemekana umekwisha. Tofauti hiyo iliundiwa kamati, na kamati ilifanya kazi nzuri.

*

Koplo Yusto Mahimbo alikuwa mtu mpole, mnene kiasi, mpenda uji na asiyependa ugomvi. Hakuwa mbaya. Hilo alijiambia mwenyewe mara nyingi baadaye, na kila alipojiambia lilipungua nguvu.

Jumapili moja, wiki mbili kabla sheria ile haijaanza kazi, mkuu wa kituo alimwagiza atundike picha mpya ya Mkuu wa Nchi juu ya mlango, kwa kuwa ile ya zamani ilimwonyesha akiwa na mvi, na mvi zilikuwa zimefutwa kwa tangazo la serikali. Mahimbo akaenda ofisi ya kata. Palikuwa pamefungwa, lakini ngazi ilikuwa imelazwa nje ukutani, ngazi ndefu ya vidato kumi na kimoja. Akaibeba, akatundika picha, akaiegemeza ngazi nyuma ya choo cha kituo, akaenda kunywa uji. Uji ulikuwa mzuri, akasahau.

Jumatatu mtendaji wa kata akaja kituoni amefura. Ngazi ya serikali imeibwa. Faili likafunguliwa na likatua mezani kwa Koplo Mahimbo, ambaye kichwani mwake hakukuwa na kumbukumbu yoyote ya ngazi. Akatoka barabarani kumtafuta mwizi. Mtu wa kwanza aliyemwona amebeba ngazi, akamkamata. Kazi ilimchukua dakika nne.

Mtu huyo alikuwa Fundi Kibwana Lusewa, mpaka rangi, aliyemzidi Mahimbo umri kwa miaka kama kumi na mitano. Kila asubuhi Mahimbo alikuwa na kawaida ya kumwamkia. Siku ile hakumwamkia, maana kanuni za jeshi haziruhusu kumpa mtuhumiwa shikamoo.

"Mwanangu Yusto, ngazi hii ni yangu," Lusewa alisema. "Nimeichonga kwa mkono wangu. Hesabu vidato, viko tisa. Ya kata wewe unaijua, ina kumi na kimoja."

"Hayo utayasema mahakamani, mzee."

"Nitayasema. Ila nina ukuta wa shule haujakauka, naomba nikaufunike kwanza."

Hakuruhusiwa kuufunika. Mvua ikanyesha mchana, rangi ikamwagika hadi mtaroni, na mtaro ukaenda chini ukiwa wa kijani kwa siku mbili nzima.

Siku ya kumi na mbili Mahimbo alikwenda chooni. Nyuma ya choo akaona mmea wa mboga-maboga umetambaa juu ya kitu kirefu, na maua ya njano yamechanua kwenye vidato. Alisimama pale ameshika mkanda wake. Picha, ngazi, uji, vyote vilimrudia kwa mpigo. Akaona aibu, akaapa kwamba kesho asubuhi, jambo la kwanza, atakwenda kusema.

Kesho asubuhi, jambo la kwanza, ilikuwa ni waraka uliobandikwa ubaoni kwamba sheria ya malipo imeanza kazi, na kwamba kesi ya kwanza kusikilizwa chini yake ni ya Jamhuri dhidi ya Kibwana Lusewa, shahidi Koplo Mahimbo. Askari wenzake wakamzunguka wakimpa mkono. Akasema moyoni kwamba atasema huko huko kizimbani, si ndiko mahali pake.

*

Nia alikuwa nayo, tumpe haki yake. Siku ya kwanza alipanda kizimbani, akala kiapo, karani wa saa akavuta kamba, na saa ikaanza kutembea kwa sauti iliyosikika hadi barazani. Mahimbo akafungua kinywa aseme ngazi aliichukua yeye. Kwa sababu alikuwa anaogopa, akaanzia mbali kidogo ili apate nguvu.

"Mheshimiwa, mimi nilizaliwa siku ya mvua."

Hakimu Debwe, mzee mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kusinzilia, aliinua kichwa. "Endelea, shahidi. Unahitaji maji?"

Ilipofika jioni alikuwa bado mtoto wa miaka sita. Alitoka kizimbani hajasema, akasaini fomu, na mfukoni akatia malipo yaliyozidi mshahara wake wa juma. Alitembea kwenda nyumbani akiwa ameinamisha kichwa. Njiani akapita dukani akanunua mabati mawili. Alijiambia ni mawili tu.

Haikuchukua muda nchi nzima ikaelewa. Chuo cha Polisi kikaanzisha Kozi ya Ushahidi Mpana, ambako askari walifundishwa kunywa maji kwa mafungu, kueleza hali ya hewa ya kila tarafa, na kutumia maneno "kama nilivyotangulia kusema" kabla hawajatangulia kusema lolote. Kuku mmoja akiibwa, askari tisa walijitokeza kuwa walimwona. Vituo vikabaki vitupu, vimefungwa kwa komeo, na mlangoni karatasi: TUPO MAHAKAMANI, MHALIFU, UKIWEZA SUBIRI. Wezi wawili walikwenda kujisalimisha wakarudi nyumbani kwa kukosa wa kuwapokea.

Waziri alizunguka na magari kumi na manne kukagua mafanikio. "Zamani," alihutubia, "askari alikimbia mahakama. Leo mahakama haimtoi." Watu walipiga makofi, maana lilikuwa jambo la kweli kabisa.

Na katika wote hao, aliyesifiwa zaidi alikuwa Koplo Mahimbo. Mwaka wa kwanza alieleza utoto wake. Wa pili alieleza aina za mbao, historia ya misumari, na siku aliyoota ng'ombe. Alipokosa la kusema alieleza habari za nyumba anayoijenga. Mahakama nzima ikawa inaifuatilia nyumba hiyo tangu msingi, na karani wa saa akawa anauliza kwa hamu kama dirisha la sebuleni limefika. Mwaka wa tatu ushahidi ulikuwa umefika asubuhi ya siku ya tukio, saa moja kasoro, shahidi akiwa amevaa kiatu cha kulia na anakitafuta cha kushoto.

Fundi Lusewa alikuwa kwenye kizimba cha washtakiwa muda wote huo. Aliletwa kutoka rumande kila kikao, akaketi, akasikiliza, akarudishwa. Alikonda mpaka shati likawa linamtangulia kugeuka. Mkewe, Bi Somoe, alikaa benchi la nyuma na kifurushi cha muhogo wa kuchemsha, ambacho mlinzi alikikagua kwa kukila nusu. Ngazi ya vidato tisa ilisimama pembeni ikiwa na kibandiko KIELELEZO A, na karani aliitumia kubadilisha balbu.

Kilichomtesa Mahimbo si kwamba Lusewa alimkasirikia. Angekasirika, ingekuwa afueni. Lakini mzee yule, fundi hasa, hakuweza kusikia nyumba inatajwa akanyamaza. Walipokutana kwenye ujia kabla ya kikao, alikuwa akimnong'oneza:

"Afande, jana umesema plasta umepiga wiki iliyopita. Usiipake bado. Iache ikauke wiki tatu, la sivyo rangi itabanduka yote."

Mahimbo aliiacha ikauke wiki tatu. Alifuata kila ushauri, na kila ushauri ulimkaa kifuani. Nyumba ilipokwisha kuezekwa, akawa hawezi kukaa ndani. Alikula uani ameketi kwenye mkebe wa rangi ambao hakuwahi kuufungua.

"Baba Tekla, nyumba yote hii, wewe unakula nje kama fundi wa kibarua," mkewe Helmina alimwambia.

"Ndani kuna joto."

"Joto gani na madirisha sita? Tena kuta hizi za saruji zinanitia aibu. Tekla anapata kipaimara mwezi ujao, wageni watakuja. Tafuta mtu atupakie rangi."

Mpaka rangi mzuri mjini alikuwa mmoja tu, na kila mtu alijua aliko.

"Si yuko hapo rumande?" Helmina alisema. "Omba kibali. Wenzako wanawatumia mahabusu kulima."

*

Kibali kilitoka siku ileile, kikiwa na mihuri mitatu na pongezi. Alhamisi asubuhi Fundi Lusewa aliletwa na askari magereza mmoja aitwaye Ponela, kijogoo wa maneno aliyependa kivuli. Mahimbo aliwapokea getini akiwa hajui pa kuweka mikono.

Lusewa aliizunguka nyumba polepole. Aliweka kiganja ukutani, akakipitisha, akagonga kwa kidole, akainama kutazama pembe.

"Ukuta mzuri huu," alisema. "Ulinisikiliza."

"Nilikusikiliza, fundi."

"Mama Tekla anataka rangi gani?"

"Samawati."

"Itakaa vizuri. Nianze juu, nishuke chini. Nipe ngazi."

Mahimbo akasema hana ngazi. Lusewa akasema yake iko mahakamani, kielelezo. Basi Ponela, kwa moyo wa kusaidia ambao serikali humlipa asiwe nao, akasema kituo cha polisi kiko hatua chache tu, hawawezi kukosa ngazi, na akaondoka kabla Mahimbo hajapata la kumzuilia. Mahimbo alitaka kumwita. Alisimama akitazama barabara, na aliona kwa macho yake Ponela akirudi mbali kule, amebeba begani kitu kirefu, na kwenye kidato cha mwisho kumening'inia jani la mboga-maboga.

"Ilikuwa nyuma ya choo," Ponela alisema, akaitua. "Nzima kabisa, imeota tu kidogo."

Aliiegemeza ukutani, kisha akaenda kukaa kivulini. Lusewa aliisogelea. Alitoa majani moja moja bila haraka. Ubavuni pa ngazi, kwa rangi nyeusi, paliandikwa KATA. Akaanza kuhesabu kutoka chini, kidole kwenye kila kidato, na Mahimbo akawa anahesabu naye kimyakimya, huku akiomba kwa upumbavu kabisa kwamba viishie tisa.

"Kumi na kimoja," Lusewa alisema.

Hakuuliza kitu. Alimtazama Mahimbo kwa muda, uso wake ukiwa mtulivu, na Mahimbo alitamani ardhi ipasuke wakati huo huo. Alijua kwamba mzee ameelewa. Alijua pia kwamba kuelewa kwake hakumsaidii chochote, maana kisheria hana ruksa ya kusema neno mahakamani mpaka yeye Mahimbo atamke maneno matatu. Huenda Lusewa naye alikuwa anafikiri hivyo hivyo.

"Leo sipaki," Lusewa alisema hatimaye. "Ukuta una maji bado." Akanyoosha mikono kwa Ponela afungwe pingu.

Ukuta ulikuwa mkavu miezi mitano.

*

Jumatatu mahakama ilifurika. Habari ilikuwa imevuja kwamba huenda leo kiatu cha kushoto kikapatikana. Askari kumi na wawili wa Kozi ya Ushahidi Mpana walikuwa mstari wa mbele na madaftari, wamekuja kujifunza kwa bingwa. Karani akavuta kamba, saa ikaamka.

"Mheshimiwa," Mahimbo alisema, "ngazi niliichukua mimi."

Kalamu zikasimama. Hakimu Debwe alivua miwani ya kusinzilia.

"Shahidi, tulikuwa kwenye kiatu."

"Najua, Mheshimiwa. Nakiacha kiatu. Ngazi ya kata niliichukua mimi Jumapili, nikatundika picha, nikaiweka nyuma ya choo cha kituo. Fundi Lusewa hana kosa. Nimejua tangu siku ya kumi na mbili."

"Huwezi kuruka namna hiyo. Kumbukumbu zitakosa mtiririko." Hakimu alikuwa anatafuta ukurasa. "Lakini umesema, na karani ameandika. Basi una la kuongeza?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pake. Maneno matatu tu, na mzee anapata zamu ya kusema, na mambo yanakwisha. Mahimbo alifungua kinywa kuyatamka, na yakagoma. Kwa miaka mitatu hakuyatamka kwa sababu ya malipo. Sasa malipo hayakumo akilini mwake hata kidogo, na bado hayakutoka, kwa sababu yalikuwa uongo. Alikuwa nalo la kuongeza. Alikuwa nalo tele.

"Ninalo," alisema.

Akaanza. Alieleza siku ile nyuma ya choo, na maua ya njano. Alieleza mabati mawili ya kwanza, na jinsi alivyoyapitisha njia ya nyuma ili Bi Somoe asimwone. Alieleza ukuta wa shule uliomwagika, na mtaro wa kijani, na kwamba alipita juu ya mtaro ule akainua suruali isichafuke. Alieleza muhogo unaoliwa nusu na mlinzi. Alieleza kila ushauri aliopewa kwenye ujia, na kila kikao alichopanda akiwa ameazimia kusema akashuka hajasema, na vilikuwa vikao mia na saba, na akataka kuvieleza vyote. Jasho lilimtiririka ndani ya kola.

Saa ilitembea juu ya kichwa chake. Dakika zilihesabiwa, kila moja na malipo yake. Katika mstari wa mbele askari kumi na wawili waliandika kwa kasi, na mmoja alimnong'oneza mwenzake kwa mshangao wa heshima kwamba haya ni mapya kabisa, majuto, mbona chuoni hawajayafundisha, mtu anaweza kwenda nayo hata mwaka mzima.

Mahimbo aliyasikia. Aliyasikia na akashindwa kunyamaza.

"Afande, inatosha," alisema Lusewa.

"Mshtakiwa, huna ruksa ya kusema," Hakimu alisema. "Shahidi hajamaliza. Shahidi, maji?"

Lusewa aliinuka. Mlinzi wake alikuwa ameazima kalamu, naye anaandika. Mzee alitoka kizimbani, akaenda pembeni, akaibeba Kielelezo A begani kwa namna alivyoibeba siku ile aliyokamatwa, akaiegemeza ukutani chini ya saa. Alipanda. Miguu ilitetemeka, maana rumande hakuna kupanda. Kwenye kidato cha tisa alinyoosha mkono, ukafika kwa shida, na akaisimamisha saa.

Kimya kilichoingia kilikuwa kizito kwa sababu masikio ya pale yalikuwa hayajakijua miaka mitatu. Mahimbo alikatika katikati ya neno.

Karani aliruka kwenye kitabu cha sheria. Alisoma kwa kidole. Saa ikisimamishwa kwa mkono wa binadamu, ushahidi umekwisha. Mkono wa nani, sheria haikusema, kwa kuwa kamati iliishiwa na chai kabla ya kufika hapo.

Hakimu Debwe alibaki ametazama kalamu yake. Hajaandika hukumu tangu sheria mpya ianze, na ilionekana anajaribu kukumbuka huanzaje. Askari wa mstari wa mbele walifunga madaftari wakatoka nje mmoja mmoja. Saa imesimama, wangekaa kufanya nini?

"Mzee," Hakimu alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani, "nenda nyumbani."

*

Mahimbo aliwakuta kwenye ujia. Lusewa alikuwa na ngazi begani, kibandiko bado kimening'inia, na Bi Somoe yuko ubavuni amekumbatia kifurushi kizima ambacho leo hakuna aliyekikagua. Mahimbo alivua kofia. Katika vikao mia na saba, na katika saa nzima ya leo, kulikuwa na vitu viwili ambavyo hakuvisema.

"Shikamoo, fundi."

Lusewa alisimama. "Marahaba."

"Nisamehe."

Bi Somoe aliangalia pembeni. Lusewa aliihamisha ngazi kutoka bega moja kwenda jingine.

"Nyumba umeshaipaka?"

"Bado, fundi."

"Usiipake," Lusewa alisema, akaondoka na mkewe.

Serikali ilifikiria kumshtaki Koplo Mahimbo, ila ikagundulika kwamba shahidi pekee wa kosa lake ni yeye mwenyewe, na kwa jinsi anavyoshuhudia, hazina ya taifa isingehimili. Kwa hiyo ikampandisha cheo. Amekuwa sajini. Waziri alimvisha nishani kwa ushahidi mrefu kuliko wote katika historia, na chuo kikamwomba akafundishe somo jipya la Majuto kwa Vitendo. Nishani hakuivaa, na chuoni hakwenda. Saa imetengenezwa na kurudishwa juu, safari hii juu zaidi. Ngazi nazo zimepigwa marufuku ndani ya mahakama.

Fundi Lusewa yuko mjini, anapaka nyumba za watu. Kila asubuhi Sajini Mahimbo humpitia akiwa kazini, humwamkia, na mzee huitikia kutoka juu ya ngazi yake bila kugeuka. Zaidi ya marahaba hajawahi kumwambia kitu.

Nyumba ya Mahimbo bado ipo, ya saruji tupu, kijivu, katikati ya mtaa wenye nyumba za rangi. Tekla alipata kipaimara, wageni wakaja, wakala, wakaitazama. Helmina alilia, akanuna, mwishowe akazoea. Wapita njia husimama getini wakauliza, nyumba nzuri hivi, Sajini, na cheo chote hicho, kwa nini huipaki?

Yeye huwa ameketi uani juu ya mkebe wa rangi ya samawati. Huinua macho, huitazama nyumba, huwatazama wao.

"Sina la kuongeza," husema.